Samaki wa Jumatano

Jumatatu, tarehe 8 Septemba, saa kumi na moja alfajiri, nilikuwa nimeketi juu ya begi langu katika stendi ya mabasi ya Morogoro, nikisoma kwa mara ya tatu daftari la mwanamke ambaye nilikwisha kuamini kwamba ananidanganya.

Nawaandikia ninyi mlioniuliza kilichonipata Kigoma, hata nikarudi nikiwa mtaratibu zaidi vikaoni. Kazi yangu mnaijua kwa juu juu. Natengeneza modeli ya mto, yaani hesabu zinazoiambia kompyuta kwamba maji yakiwa na kina hiki na mwendo huu, samaki watakaa mahali fulani, na yakipungua watahamia kwingine. Mto wenyewe ni mmojawapo wa ile midogo inayoteremka kutoka nyanda za juu na kuingia Malagarasi. Jina lake sitalitaja, na majina ya vijiji na watu nimeyabadili; sababu mtaiona mbele. Nina vituo viwili juu yake: cha juu Busunzu, wilayani Kibondo, na cha chini Nyakitonto, wilayani Kasulu. Kati ya vituo hivyo kuna mpango wa kujenga banio la kuchepushia maji ya umwagiliaji. Waliotupa kazi walitaka jibu moja: wakati wa kiangazi, ni maji kiasi gani lazima yaachwe yapite banioni ili samaki wa chini wasife.

Kila kituo kina mtunza daftari. Kila asubuhi husoma ubao wenye alama uliosimikwa majini, huachia gunzi la muhindi lielee kati ya nguzo mbili huku akipima muda kwa simu, kisha hukagua migono mitano aliyoitega jioni iliyotangulia, wa kwanza ukingoni na wa tano katikati ya mkondo, na kuandika samaki walioingia katika kila mmoja. Daftari la Busunzu liliingia katika modeli bila ubishi. Lilionyesha kwamba maji yakipungua, samaki husogea taratibu ukingoni na kuishi huko bila taabu. Maana yake ni kwamba banio lingeweza kuchukua karibu maji yote. La Nyakitonto lilisema kinyume: maji yakipungua, samaki hukimbilia kina na kujaa katika mgono wa tano. Isipokuwa Jumanne na Jumatano. Siku hizo mbili, wiki baada ya wiki, maji yawe mengi au machache, samaki walijaa ukingoni.

Samaki hawana kalenda. Mtu anayejaza daftari akiwa nyumbani ndiye mwenye kalenda. Ofisini walikwisha kupewa jina, samaki wa Jumatano, na mimi nilikwisha kuwapigia mistari kwa kalamu nyekundu, ukurasa kwa ukurasa. Sasa nilikuwa nakwenda kumtazama mwenye daftari usoni kabla ya kulitupa. Na nikilitupa, jibu la Busunzu lingebaki peke yake, na mto pale Nyakitonto ungeachiwa maji ya kulowesha mchanga tu.

Morogoro hadi Kibondo

Jirani yangu ndani ya basi alikuwa mzee mwenye kofia ya sufi, ambaye hadi tunafika Dodoma alikwisha kuniuliza mara tatu kilichomo katika sanduku la bati nililolipakata.

"Ni kipima mwendo wa maji," nilimjibu hatimaye.

"Mwendo wa maji," alirudia. "Yanamkimbia nani?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Baada ya Singida alinimegea ndizi mbili za kuchoma, akaniuliza kwa upole kama maji ninayoyapima yana dhahabu. Nilipokana alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia kwa mwongo, na tulipolala Kahama akahamia kiti cha nyuma. Nilichukizwa kidogo. Mimi niliyekuwa nimebeba daftari lenye mistari myekundu sikuona kwamba tulikuwa abiria wa aina moja.

Kesho yake rejeta ya basi ilianza kuvuja Nyakanazi. Fundi alisema nusu saa, tukakaa saa nne. Mama ntilie wa pale alituuzia wali na maharage, akaja mwenyewe kuchungulia rejeta, akamwambia dereva, "Baba, hiyo nusu saa yako naipikia chakula cha jioni?" Akapika kweli, nasi tukala. Tulifika Kibondo giza likianza kuingia. Hamisi, dereva wa gari nililokodi, alikuwa amenisubiri tangu mchana bila kulalamika, jambo lililonifanya nimshuku naye pia.

Busunzu

Bwana Elisha, mtunza daftari wa Busunzu, aliwahi kuwa karani wa chama cha msingi, na hati yake ni nzuri kuliko yangu. Alitupokea Jumatano mchana akiwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Ukutani, juu ya meza, alikuwa amebandika mchoro nilioutoa siku ya mafunzo mwaka jana, ule mstari unaoshuka taratibu kueleza jinsi tunavyotarajia samaki wahame maji yanapopungua. Nilifurahi kuuona umetunzwa.

Mezani kulikuwa na kuku, ugali wa mahindi, na daftari jipya lililofunikwa kwa gazeti.

"Mto uko hapo chini tu, Daktari, hatua mia mbili," alisema. "Lakini chakula kitapoa."

Nilifungua daftari. Mistari ilipigwa kwa rula. Hakukuwa na siku iliyorukwa wala tarakimu iliyofutwa. Jua lilikuwa kali, na mimi nilikuwa nimekaa garini na basini siku tatu. Nilikula, nikamsifu, nikapiga picha za kurasa. Sikushuka mtoni.

Tulipokuwa tunaondoka, Hamisi alilishika daftari la zamani nililopewa nilibebe, akalipapasa jalada.

"Safi sana," alisema. "Halijawahi kudondokewa hata tone."

"Hivyo ndivyo daftari linavyotakiwa kuwa," nilimwambia.

"Ndiyo, mama," alijibu, akawasha gari.

Kasulu

Njia ya kwenda Kasulu ilikuwa na matengenezo, na mahali magari yaliposimamishwa tulizungukwa na wachuuzi, wengine wakiwa Wakongo waliotoka upande wa kambi ya Nyarugusu. Mwanamke mmoja aliyejifunga kitenge cha manjano alinisogezea beseni la samaki wa kukaanga.

"Bonjour, mama. Hii ya Tanganyika, ya jana tu. Angalia macho yake."

Nilimuuliza ni ya jana ipi, imekaangwa saa ngapi, na kwa mafuta gani.

"Mama, weye unauliza sana. Uko polisi?"

Hamisi alinunua wawili, akala wote mbele yangu kwa starehe kubwa.

Mjini Kasulu nilipanga chumba kwa Bi Salma, mjane anayeuza unga na nafaka dukani mwake, ambaye babu yake alikuja huku kutoka Pangani na ambaye bado huzungumza kama mtu aliyeshuka jana. Alikuwa amepika migebuka kwa mawese, na ugali wa udaga, yaani muhogo uliolowekwa majini siku kadhaa kabla ya kuanikwa na kusagwa. Harufu yake ni kali kwa asiyeizoea. Nilikula samaki, ugali nikausukuma pembeni ya sahani.

"Huli, mwanangu?"

"Nimeshiba, Bi Salma."

"Hujashiba, umeogopa. Unga huo ni wa Mama Bukuru wa Nyakitonto, mkono wake hauna mchanga. Kila Jumamosi yuko gulioni, hakosi."

Nilishtuka. Mama Bukuru ni jina la heshima la mama yeyote wa mapacha huku, lakini nilipouliza zaidi alikuwa ndiye: mtunza daftari wangu. Anashinda gulioni kila Jumamosi, na kila Jumamosi daftari lake lina samaki.

"Siku hiyo hutoka nyumbani saa ngapi?" niliuliza.

"Mwanangu, mimi nanunua unga. Sijalala kwake."

Nilirudi chumbani nikaongeza mstari mwingine mwekundu, chini ya Jumamosi zote.

Nyakitonto, Ijumaa hadi Jumapili

Ijumaa tulikuta kijiji kimefungwa. Maduka matatu ya njia panda yalikuwa na makufuli. Nilimsimamisha mwanamume aliyekuwa anasukuma baiskeli.

"Mwakeye," nilimsalimu kwa Kiha changu cha maneno manne. "Namtafuta Mama Bukuru."

"Hayupo."

"Yuko wapi?"

"Msibani."

"Amefariki nani?"

"Mtu," alisema, akaendelea kusukuma.

Niliyaandika majibu hayo kama yalivyo, na pembeni nikaandika: wananikwepa. Mlangoni mwa ofisi ya kijiji mwanamke mmoja alitukuta, akasikia Hamisi akiniita Daktari, akanifunulia mgongo wa mtoto wake wenye vipele. Nilimweleza kwamba mimi ni daktari wa samaki. Alimfunika mtoto polepole, akasema, "Samaki nao wana daktari, sisi tunakwenda mpaka Kasulu." Mjumbe mmoja wa kitongoji alikuja akaniuliza kama nimekuja kupima mipaka; nikasema hapana; akauliza basi sanduku ni la nini. Niliambiwa nirudi Jumapili baada ya ibada. Tukarudi Kasulu kulala; Jumamosi sikumfuata gulioni, kwa kuwa nilitaka kumuuliza akiwa karibu na mto.

Jumapili saa nane Mama Bukuru alikuwa ananisubiri uani kwake, amenikunjulia mkeka. Ni mwanamke wa rika langu, mrefu, mwenye tabia ya kumwacha mtu amalize kusema halafu anyamaze kidogo kabla ya kujibu. Njiani nilikuwa nimewapisha wanawake waliokuwa wakiteremka mtoni na vikapu vya mihogo iliyomenywa. Niliwasalimu, nikafikiria mambo yangu.

Nilimshikisha daftari lake la miezi iliyopita ili tulilinganishe, naye akanipa la sasa. Lilikuwa limevimba kwa unyevu, kurasa zimeshikana, na mahali pengine wino ulikuwa umetawanyika. Ijumaa iliyopita aliandika maneno mawili tu: Msiba. Sikuenda. Nilipokuwa bado nayatazama, nikagundua kwamba naye alikuwa anatazama lile nililompa. Alifunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tano. Kila mahali palikuwa na wino wangu mwekundu.

"Daktari," alisema, "haya mekundu ni kosa, au ni uongo?"

"Ni maswali," nilisema.

Alilifunga daftari. "Mimi nilisoma mpaka la saba. Mwalimu akipiga mekundu, ilikuwa kosa. Swali aliliuliza kwa mdomo."

Hapo nilimuuliza kwa mdomo. Jumamosi anakwenda gulioni. Mtoni huenda saa ngapi? Alijibu kwamba huenda alfajiri, mzigo wa unga ukiwa tayari kichwani, huusimamisha juu ya jiwe, hukagua migono, kisha huendelea na safari, na kwamba jiwe lenyewe lina alama nyeupe ya unga kama nikitaka kuliona. Na hao samaki wa Jumanne na Jumatano? Aliangalia kwanza upande wa mto.

"Kaa hapa mpaka Jumatano," alisema. "Utawaona wenyewe."

Alikuwa anajua kitu. Niliona wazi kwamba anajua kitu na amekizuia mdomoni, na hilo lilinithibitishia kila nililolifikiria.

Nyakitonto, Jumatatu hadi Jumatano

Alinipa chumba cha binti yake aliyeolewa. Jumatatu alfajiri tulishuka pamoja. Ubao ulikuwa umesimama majini sawasawa, maji yakiwa chini kabisa. Juu kidogo ya mgono wa kwanza kulikuwa na vidimbwi vilivyozungushiwa mawe, na harufu iliyotoka huko ilinifanya nipitie mbali, kama nilivyofanya mwaka jana siku ya kusimika ubao. Gunzi lilielea, simu ikahesabu. Mgono wa kwanza haukuwa na kitu. Wa pili vivyo hivyo. Wa nne ulikuwa na kambale wawili, wa tano ningu sita wanene. Hivyo ndivyo daftari lake lilivyosema siku zote za kawaida.

Mchana kutwa niliwaza. Kama kesho yake samaki wangekuwa ukingoni, kuna njia moja tu ya kueleza: mtu angewahamisha jioni kutoka mgono wa tano kuwatia katika wa kwanza, ili mgeni aone. Migono hiyo ina mdomo wa kuingilia, ambao samaki akishaingia hatoki, na mlango wa nyuma unaofungwa kwa kamba, ambao ndio wa kutolea. Jioni, Mama Bukuru alipokwisha kuitega na kupanda juu, nilijifanya nimesahau kalamu. Nilirudi peke yangu, nikafunga uzi mweusi wa kushonea kwenye kila mlango wa nyuma, chini ya kamba yake, fundo ninalolijua mwenyewe. Nawaambia hili kwa sababu nimeahidi kusimulia yote. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, nimepiga magoti ndani ya maji ya mwenyeji wangu, nikiitegea mtego migono yake.

Jumanne alfajiri alitangulia yeye. Aliinua mgono wa kwanza, nami nikauona unatikisika kabla haujatoka majini. Ulikuwa umejaa. Wa pili nao ulikuwa na samaki. Wa tano ulikuwa na mmoja.

Aliusimamisha wa kwanza juu ya jiwe na kuugeuza ili aufungue. Vidole vyake vikasimama. Alivuta uzi wangu taratibu mpaka ukakaza, akauangalia. Fundo lilikuwa zima, kama nilivyoliacha.

"Na huu uzi," alisema bila kuniangalia, "nao ni swali?"

Aliukata kwa meno, akaniwekea mkononi. Kisha alichukua ningu mmoja, akampasua tumbo kwa kisu kidogo, akaniletea karibu. Ndani kulikuwa na uji mweupe, mzito, wenye harufu ileile niliyoikimbia tangu Kasulu.

"Hiyo ni mihogo yangu," alisema.

Tuliketi juu ya mawe, naye akanieleza kama mtu anayemweleza mgeni mlango ulipo. Wanawake wote wa upande ule hulowesha mihogo Jumapili mchana, baada ya ibada, kwa sababu inatakiwa kutolewa Jumatano, ianikwe Alhamisi na Ijumaa, ili Jumamosi iwe gulioni. Siku ya kwanza mihogo hutoa uchungu wake majini na samaki hukimbia. Usiku wa pili huanza kulainika, vipande humong'onyoka na kuelea, na samaki hutoka katika kina kuja kula. Jumatano jioni karamu imekwisha, nao hurudi kule kwenye maji mengi, ambako ndiko kwao.

"Wewe ulidhani wanapenda ukingo," alisema. "Ukingo hawaupendi. Wanakuja kula, wanarudi nyumbani. Hata wewe umekuja hapa, lakini nyumba yako si iko Morogoro?"

"Kwa nini hukuandika?"

"Fomu yako ina safu tano. Tarehe, ubao, gunzi, migono, jina. Mihogo ningeiandika wapi?"

"Ungeniambia kwa simu."

Sasa aliniangalia. "Kabla yako walikuja wengine, na gari kama lako. Walisema kulowesha mihogo ni kuchafua chanzo cha maji, atakayeonekana atashtakiwa. Halafu ukaja wewe na daftari, ukasema niandike kila siku kinachotokea mtoni, na mwisho niweke sahihi. Mama, wewe ungeandika?"

Kwa hiyo alinificha kitu kweli, na katika hilo tu shaka yangu ilikuwa na haki. Muda wote niliomshuku yeye, naye alinishuku mimi, tena kwa sababu nzito kuliko zangu.

Mchana ule nilikula ugali wa udaga nyumbani kwake na mchuzi wa ningu. Baada ya matonge matatu harufu niliisahau. Mama Bukuru alinihesabia matonge waziwazi. "Anakula," aliwatangazia majirani waliokuja kuangalia, "andikeni kwenye daftari." Walicheka sana, na mimi nikacheka nao. Jumatano samaki walikuwa ukingoni tena, na jioni wanawake walitoa mihogo yao. Alhamisi alfajiri, kabla sijaondoka, mgono wa kwanza ulikuwa mtupu na wa tano umejaa.

Busunzu, mara ya pili

Nikikumbuka lile daftari kavu, nilimwomba Hamisi tusimame Busunzu bila kupiga simu. Safari hii nilishuka mtoni kwanza.

Ubao niliuona kutoka mbali, kwa kuwa ulikuwa umesimama juu ya mchanga mkavu, hatua kumi na tano kutoka kwenye maji. Mto ulikuwa umehamia upande wa pili. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye ubao, na mahali kamba yake ilipozunguka rangi ya alama zangu ilikuwa imekwisha kufutika.

Hamisi alikuja akasimama kando yangu, mikono nyuma.

"Ulijua," nilimwambia.

"Niliona daftari kavu, mama. Mto sikuuona."

Bwana Elisha alitukuta hapohapo, akiwa na kanzu ya nyumbani. Hakuonyesha aibu, na nilipomsikiliza nikaelewa kwa nini. Mto ulihama baada ya masika ya mwaka jana, muda mfupi tangu mafunzo. Wiki chache za mwanzo alipima kweli, daftari linaonyesha. Baadaye ubao ulipoachwa pakavu hakutaka kunisumbua.

"Mchoro ulitupatia mwenyewe, Daktari," alisema. "Mstari unashuka hivi, taratibu. Nikaona kazi ya kitaalamu inatakiwa ishuke hivyo. Nilikuwa nafuata kielelezo."

"Hukuwa unatega migono?"

"Nilitega. Samaki hawakufuata." Aliutazama ubao. "Nikadhani wanaharibu kazi yako."

Mchoro ule niliwapa wote wawili siku moja, katika chumba kimoja. Yeye aliubandika ukutani. Mama Bukuru, nilikuja kukumbuka, aliukunja akaufanya kizibo cha chupa ya mafuta. Sikumgombeza Bwana Elisha. Nilimfungua mbuzi, nikang'oa ubao, nikaurudisha garini.

Barua niliyoipeleka Oktoba

Mama Bukuru mpendwa,

Salamu kutoka Morogoro. Natumaini mapacha na wajukuu ni wazima, na kwamba mvua za kwanza hazikuchukua mawe ya vidimbwi vyenu.

Daftari la Busunzu nimeliondoa, lote isipokuwa wiki chache za mwanzo. Kazi sasa imesimama juu ya daftari lako. Nimezitenga siku zako za Jumanne na Jumatano, nikaiacha modeli isome siku nyingine peke yake, nayo imesema ulichoniambia juu ya jiwe: samaki wenu wanahitaji kina, na kina hakiwezi kubaki kama banio litachukua maji yanayotakiwa na wenye mpango. Hilo ndilo nitakaloliandika. Kama wataliheshimu sijui, na sitaki kukuahidi nisilolijua.

Limebaki jambo moja, na uamuzi wake ni wako na wenzako. Wasomaji wa ripoti wataniuliza kwa nini nimeziacha siku mbili za kila wiki, kama mimi nilivyokuuliza. Naweza kueleza habari za mihogo, na hapo samaki wa Jumatano watakuwa ushahidi wenye nguvu kuliko wote nilionao, kwamba huja ukingoni kula tu na kurudi kwenye kina. Lakini kuna watu watakaosoma neno hilo na kuja kuwashtaki. Au naweza kuandika tu kwamba sababu ninaijua na siitaji. Ripoti itadhoofika kidogo, nami nitaulizwa maswali magumu, ila nimekwisha kuyastahili. Jina la mto sijalitaja kwa mtu yeyote nje ya ofisi. Zungumzeni Jumapili mtakapokuwa mnalowesha, kisha nipe jibu kwa simu ya Bi Salma. Mpaka nilipate, ripoti itakaa mezani kwangu.

Daftari lako la zamani ninalirudisha pamoja na barua hii, kwa kuwa ni lako. Mistari myekundu sikuweza kuifuta. Wino ule hautoki. Chini ya kila mmoja nimeandika kwa mkono wangu kwamba kosa lilikuwa la aliyesoma. Nilianza usiku nikamaliza kesho yake mchana, maana niliipiga mingi.

Ndani ya bahasha utakuta pia uzi mweusi, kipande ulichokikata na kingine kilichobaki katika kibunda. Ni uzi imara. Nadhani unafaa kufungia migono.

Wako,
aliyekula matonge matatu